Mlango Uliosimama Magotini

Mlango wa gereji ile ulifunguliwa hadi magotini tu. Ulikuwa mlango wa bati wa kuinuliwa juu, na kila asubuhi mwanamke mmoja aliuinua kiasi hicho, akauegemeza juu ya matofali matatu kila upande, kisha akaketi ndani na kushona.

Jina lake la mtaani lilikuwa Mdogo, ingawa alikuwa na miaka hamsini na mitatu. Aliitwa hivyo kwa sababu dada yake aliitwa Mkubwa. Kwa miaka kumi na sita ndugu hao wawili walishona pamoja katika gereji hiyo, ambayo haikuwahi kulaza gari hata usiku mmoja. Mkubwa alipokea wateja, akawapima, akawatania vitambi vyao, akawakemea waliochelewa kuchukua nguo. Mdogo alikata na kushona. Mteja akimsalimu Mdogo, aliyejibu ni Mkubwa: "Hajambo huyo, ana pini mdomoni." Na kweli alikuwa nazo.

Mkubwa aliugua wiki tatu, akafariki. Siku ya tano baada ya maziko Mdogo alirudi gereji, kwa kuwa palikuwa na sare za wahudumu wa hoteli ambazo hazijatiwa kola. Aliinua mlango. Ulipofika magotini, mikono ikaacha kuinua. Hakuwa ameamua jambo lolote. Alitafuta matofali, akayapanga, akaketi.

Ilikuwa miezi saba sasa. Wateja walizoea, maana mshono wake haukuwa na mfano. Walipiga hodi, wakainama, wakapitisha mfuko chini ya mlango. Ndani ya mfuko waliweka kitambaa na nguo ya zamani inayowakaa vizuri, ili afuate vipimo vyake. Mdogo hakumpima mtu tena. Futi ya Mkubwa, ile laini ya kukunja, ilining'inia kwenye msumari wake ukutani, na vumbi lilikuwa limekaa juu yake.

Wateja aliwajua kwa viatu. Visigino vyekundu vilikuwa vya karani wa posta. Makubazi yaliyoshonwa kwa waya yalikuwa ya muuza mkaa. Raba nyeusi zenye fimbo katikati zilikuwa za Mkunga, bibi mstaafu aliyezalisha nusu ya mtaa. Zamani Mkunga alikuwa na kiti chake humo ndani. Siku hizi hakuwa akiinama kama wengine. Mfuko wake aliusukuma ndani kwa fimbo, kama mtu anayeondoa takataka njiani. Mdogo aliliona hilo likamgusa kidogo, lakini kwa mbali, kama hodi inayopigwa nyumba ya jirani.

Hakulia, wala hakulalamika. Binti wa Mkubwa, aliyekuwa akiishi naye, alimuuliza jioni moja wakiosha vyombo, "Mama mdogo, unajisikiaje lakini?"

Mdogo alifikiri. "Kama mkono uliolaliwa," alisema, akaendelea kusuuza sahani.

Kisha tofali moja lilipasuka. Mlango ulishuka kwa kishindo juu ya kikapu cha mteja na kuukata mpini wake vipande viwili, sekunde chache baada ya mteja kuutoa mkono. Springi zilikuwa zimechoka kitambo.

"Mlango huu utamkata mtu," alisema binti. Alifanya kazi katika ofisi ya bima, na alikuwa anapenda mambo ya kisasa. Taa za nyumba hiyo tayari aliziwasha kwa simu. "Au utakukata wewe shingo siku ukichungulia nje."

"Sichungulii."

"Najua, mama mdogo. Hilo nalo ni tatizo."

Jumamosi alikuja fundi wa milango, mtu mnene mwenye penseli sikioni na maneno mengi. Alibadilisha springi, akafunga mota darini, kisha akaweka maboksi mawili juu ya meza ya kukatia.

"Mota ni misuli," alieleza. "Vifaa hivi ndio ubongo, mnachagua kimoja. Hiki chembamba kinaongea na simu, na kinajua mambo mawili: kufungua na kufunga. Wengi wanachukua hiki. Hiki kinene kina betri yake umeme ukikatika, na unaweza kukifundisha mlango usimame wapi. Lakini kina mipangilio mingi, utakesha unakisoma."

"Chembamba," alisema binti. "Ukifunguka, ufunguke. Mama mdogo apate mwanga na hewa. Aone watu."

Mdogo alitoa pini mdomoni. Lilikuwa swali lake la kwanza siku hiyo. "Kinaweza kuusimamisha mlango magotini?"

Fundi alicheka. "Mama, watu wanafunga mota ili mlango ufunguke wote! Magotini anapita nani? Kuku?" Alipoona hakuna aliyecheka, alikohoa. "Unaweza kuusimamisha kwa kitufe. Tukijaribu tutaona."

Alikifunga chembamba. Mdogo alibonyeza kitufe, na mlango ulipofika magotini akabonyeza tena. Ukasimama, na alama nyekundu ikawaka kwenye simu ya binti. Mdogo akarudi kwenye cherehani. Ilikuwa sawa na jana, ila matofali hayakuwepo.

Baada ya dakika kumi hivi, raba nyeusi zilifika mlangoni, na fimbo ikaanza kusukuma mfuko ndani. Wakati huohuo mota ilinguruma, mlango ukaanza kushuka wenyewe. Ulishuka kiganja kimoja, ukasita, kisha ukapanda juu, ukapita kiunoni, ukapita kichwani, ukafika mwisho. Jua lote la mtaa likaingia gereji.

"Enhe, ndiyo maana nikasema tujaribu," fundi alieleza, hata hakugeuka. "Mlango wa nusunusu kifaa hiki kinahesabu ni kosa, kinasubiri kidogo halafu kinafunga. Kuna jicho hapa chini. Likiona kitu njiani wakati wa kufunga, linafungua wote ili usimbane mtu."

Mdogo hakumsikia. Mbele yake alisimama Mkunga, mkono mmoja kwenye fimbo, mwingine kwenye fremu ya mlango. Kiuno chake kilikuwa kimefungwa kitambaa kipana cha kaki, kimekazwa kwa pini tatu. Shingo ilikuwa imemnyooka kama aliyebeba ndoo.

"Kumbe upo," alisema Mkunga. "Nilidhani umegeuka cherehani."

"Shikamoo."

"Marahaba. Miezi saba naisubiri hiyo."

"Umepatwa na nini kiunoni?"

"Nilianguka bafuni, mwezi ule tuliomzika mwenzako. Hakiinami tena. Ndiyo maana natumia fimbo."

"Nilidhani ni dharau," alisema Mdogo.

Mkunga alimtazama. "Dharau? Mimi nilidhani dharau ni hilo bati lako."

Binti aliinamisha uso akatazama simu, ingawa haikuwa na kitu cha kutazama.

Mdogo alitazama sakafu ya saruji pale kizingitini, mahali ambapo watu wa mtaa walikuwa wakimwinamia kwa miezi saba. Alingoja asikie kitu moyoni, aibu au machozi. Hakikuja kitu. Ila mkono wake ulikwenda ukutani, ukaichukua futi ya Mkubwa, ukaipangusa vumbi.

"Simama wima, bibi."

"Ndio wima wangu huu, mwanangu. Mwingine umeisha."

Mdogo alipiga goti moja, akaikanyaga ncha ya futi kwa kidole cha mguu, akainyoosha hadi kwenye kiwiko cha Mkunga. Tisini na sita. Akaongeza mbili za mshono, kwa mazoea.

"Kile kinene," alimwambia fundi. "Kifundishe sentimita tisini na nane. Asiiname mtu."

"Na sura zao, mama mdogo?" binti aliuliza taratibu.

"Sura bado."

Fundi alifungua boksi la pili. Kazi ilimchukua saa nzima, na Mkunga aliisubiri akiwa amekaa kwenye kiti chake, akimwelekeza jinsi ya kushika bisibisi. Kisha alitoka nje, mlango ukafungwa kwa majaribio, ukafunguliwa tena. Ulipanda, ukasimama mahali palepale ulipoambiwa. Hapakuwaka alama nyekundu.

Kutoka kwenye cherehani Mdogo aliona raba, fimbo, kitambaa cha kaki na sehemu ya chini ya blauzi. Mkono wenye mishipa uliingia na mfuko, bila taabu, ukauweka mezani.

Alirudisha pini mdomoni. Halafu akazitoa.

"Bibi, kifungo chako cha chini kimelegea."

"Leo ndio umekiona?" sauti ilijibu kutoka juu ya bati. "Kina miezi mitano."

"Sogea hapa nikishone."