Sanduku Ndani ya Kisima Kikavu

Mimi sikuzaliwa na subira. Mama husema hata tumboni mwake sikutulia, na kwamba nilitoka kabla mkunga hajanawa mikono. Kwa hiyo ni kichekesho kwamba kazi niliyoichagua ni kazi ya kungoja. Nafanya utafiti wa fizikia huko Lubumbashi, na chembe ninayoifuata inaitwa muoni. Huzaliwa juu angani, pale miale itokayo mbali kabisa inapogonga hewa, kisha hushuka na kupenya kila kitu: bati, dari, mwili wa mtu, mwamba. Zinakupita sasa hivi unaposoma na huna habari nazo.

Mwamba mnene huzipunguza. Ukiweka kifaa chini ya ardhi na kuhesabu zinazofika kutoka kila upande, upande unaoleta nyingi kuliko inavyotarajiwa ni upande ambao mwamba umepungua, yaani kuna uwazi. Kwingineko watu wamechungulia hivyo ndani ya piramidi na milima ya volkano bila kugusa jiwe. Tatizo ni kwamba huko chini muoni huja kwa kudondoka, kama maji ya bomba bovu, na picha huchukua wiki nyingi kukamilika. Unaweka kifaa, unaondoka, unarudi, unatazama: bado.

Nyumba yetu iko Kolwezi, upande wa Musonoi, karibu na mashimo makubwa ya mgodi. Baba alikuwa karani wa mgodi, na alipokufa nyumba ikabaki mikononi mwa mama. Huku kwetu hakuna anayehitaji kuelezwa shimo ni nini. Watu huchimba ndani ya parseli zao wenyewe, yaani viwanja vya nyumba zao, nyuma ya turubai lililotundikwa uani, wakitafuta shaba na kobalti. Turubai likipandishwa kwa jirani, unamsalimia kama kawaida na huulizi kitu. Ndiyo adabu ya mtaa. Lakini mahandaki hayafuati ua wa mtu, na Jumapili moja jiko la nyumba iliyo mwanzo wa barabara yetu lilizama na sufuria zake zote. Wenyewe walikuwa kanisani.

Mama aliyachukia yale maturubai. Aliapa mbele ya kundi lake zima la sala kwamba uani kwake halitatundikwa hata moja. Mimi sikuwaogopa wa uani kwetu, niliwaogopa majirani. Ukuta wa sebule ulikuwa umepata ufa. Ndipo nikamsihi profesa wangu anipe kifaa kimoja cha majaribio nikakifunge nyumbani.

Ni sanduku tu. Ndani yake mna vibao vya plastiki maalumu vinavyotoa mmweko mdogo sana wa mwanga kila muoni inapopita. Nililiteremsha ndani ya kisima alichochimba baba, kisima ambacho kilikauka zamani, mgodi ulipozidi kwenda chini na kuvuta maji. Waya ulipanda juu hadi kwenye betri ya gari. Kwa kuwa mimi nilikuwa Lubumbashi juma zima, nilimfundisha mama kubadilisha betri, na alijifunza mara moja. Iliyokwisha aliipeleka mwenyewe kwa fundi wa mtaani mwenye sola, akairudisha imejaa.

“Ile sanduku iko inatafuta nini?” aliniuliza siku ile ya kwanza, ameinama juu ya kisima.

“Inatafuta shimo, mama.”

“Shimo tuko nayo mingi hapa. Ungeniuliza mi, ningekuonyesha bila mashini.”

Mtaa mzima ulipita kutazama. Niliwaeleza kwa Kiswahili changu safi cha shule, nikachora hata chini kwa kijiti. Walitikisa vichwa kwa heshima. Sikuchelewa kusikia kilichobaki masikioni mwao: mtoto wa yule mama ana mashini inayoona mpaka chini ya ardhi. Na katika mji huu, chini ya ardhi kuna kitu kimoja tu ambacho mtu angetaka kukiona. Nilicheka. Nilisema waache waseme. Nilisahau kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Wiki za kwanza sanduku halikuona kitu. Mwamba mzima pande zote, nyumba imekaa juu yake imara. Mtu mwenye akili angeshukuru Mungu na kulala. Mimi sikulala. Data zilikuwa chache, pengine uwazi ulikuwepo ila muoni hazijatosha kuuonyesha. Kila mwisho wa juma nilirudi, nikachomeka kompyuta kwenye ule waya, nikazunguka kisima, nikarudi kwenye kompyuta, nikazunguka tena. Mama alikuwa akichambua sombe, majani ya muhogo, mlangoni, na mpangaji wetu wa chumba cha nyuma, mtu mzima ambaye ni mchimbaji wa mikono, alikaa kando yake akiviringisha kamba.

“Uko na hakika sasa?” mama aliuliza, kama alivyouliza kila mara.

“Bado, mama! Nimechoka kungoja. Laiti mtu angeweza kuchungulia tu akaniambia kilichomo, nimalize, nipumzike!”

“Mvumilivu hula mbivu,” mpangaji akasema. Nikamwangalia kwa jicho ambalo sasa linanitia haya mbele yake.

Lazima nieleze kwa nini sikuthubutu kusema nina hakika juu ya lolote. Ng'ambo kuna watu ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakizizungusha muoni ndani ya sumaku kubwa ya duara, wapime jinsi zinavyoyumba. Nadharia ilitoa jibu moja, majaribio yakatoa jingine, tofauti ndogo mno lakini ipo. Sisi vijana wa fizikia tuliipenda tofauti ile kama mchumba. Ilikuwa ufa, na nyuma ya ufa pengine kulikuwa na chembe isiyojulikana, fizikia mpya kabisa. Kisha wengine wakaikokotoa nadharia upya, kwa njia nyingine na kompyuta kubwa, na nadharia ikasogea ikakaribia majaribio. Ufa ukajifunga karibu wote. Wataalamu bado wanabishana kwa nini hesabu za zamani na za sasa hazipatani, lakini ndoto yangu ilikwisha siku ile, na nilikula bukari, ugali wetu, bila hamu. Tangu hapo, nikiona tofauti kwenye mchoro, mkono wangu mmoja unapiga makofi na wa pili unaniziba mdomo.

Basi mvua zilipokaribia, tofauti ikajitokeza. Upande mmoja muoni zilianza kuja zaidi kidogo. Nilinyoosha mkono kutoka kisimani kufuata upande ule, na kidole changu kikaishia kwenye dirisha la chumba cha mama.

Nilimpigia profesa. “Data kidogo hizo,” akasema. “Vilima vya namna hiyo kwenye mchoro huja na kuondoka. Wewe ule ugonjwa wako wa nyufa wa mwaka jana bado haujakutoka? Ngoja.” Alikuwa sawa kabisa, na nilimchukia kwa hilo.

Nilimwambia mama ahamie sebuleni kulala.

“Juu ya nini nihame?”

“Labda kuna kitu chini ya chumba chako.”

Uso wake ukang'aa. Nakumbuka vizuri, kwa sababu nilidhani ni ushujaa. “Chini ya chumba yangu? Mashini inasema vile?”

“Labda, nimesema.”

“Uko na hakika?”

“Bado.”

“Basi mi nitalala fasi yangu ileile nilalaka,” akasema, akaenda kumwagilia lengalenga. Mboga zilikuwa zimestawi. Hata matuta yenyewe yalikuwa yameinuka, udongo mpya umetandazwa vizuri, na nilimsifu. Mpangaji pia alimsifu. Kitu kingine nilichokigundua ni kwamba mama alikuwa ameanza kuimba nyimbo za kanisa akiwa chumbani mchana, kwa sauti kubwa, sauti ya kwanza na ya pili peke yake. Nilifurahi kwamba mjane ana moyo wa kuimba.

Nilirudi Lubumbashi nikiwa situlii. Darasani niliona kidole changu na lile dirisha. Ukingoni mwa kila karatasi nilichora kisima. Mwishowe, alfajiri moja, nikafanya jambo ambalo lingekuwa la kwanza kwa mtu mtulivu: nikazigawa data, za mwanzo kando na za sasa kando. Kama uwazi ulikuwepo tangu zamani, makundi yote yangeuonyesha sawasawa, yakitofautiana kwa bahati tu. Kama ni bahati tupu, ungefifia. Huu haukufanya lolote kati ya hayo. Mwanzoni haukuwepo. Kisha ukawa mdogo. Kisha ukapanuka, juma baada ya juma, tena kwa kasi zaidi tangu nilipomwambia mama.

Uwazi wa asili hauendi hivyo. Unaokua kila juma, kuna mtu anaukuza.

Nikakumbuka matuta ya lengalenga. Nikasimama kwa ghafla hata kiti kikaanguka. Nilipanda basi la Kolwezi asubuhi hiyohiyo bila kumwarifu mtu, na njia nzima mguu wangu ulikanyaga breki isiyokuwepo. Simu sikuweza kupiga, kwa sababu niliogopa kwamba haitapokelewa.

Niliingia uani adhuhuri. Mama alikuwa akiimba. Nilisukuma mlango wa chumba chake.

Kitanda kilikuwa kimesogezwa ukutani. Katikati ya sakafu, pale alipokuwa akipiga magoti kusali, palikuwa na mdomo wa shimo, na mama yangu, kitenge chake cha kundi la sala kimefungwa kiunoni, alikuwa amesimama ukingoni akivuta kamba mkono kwa mkono, akipandisha ndoo ya udongo kwa mpigo wa wimbo. Hakuweza kutundika turubai baada ya kiapo kile, kwa hiyo walichimba ndani.

Nilipiga kelele ambayo hata mimi sikuijua. Ndoo ikatua sakafuni. Kutoka chini ikaja sauti ya mpangaji: “Mama mukubwa, kuna nini kule?”

“Panda!” nikamwambia. “Panda sasa hivi!”

Akapanda, mwekundu kwa vumbi, taa kichwani. Aliniamkia kwa adabu. “Tuko karibu kufika,” akasema. “Mashini ilionyesha huku.”

“Haikuonyesha kitu! Haioni madini! Inaona utupu, na utupu ni ninyi!” Nilimgeukia mama. “Kikulacho ki nguoni mwako. Nimelinda nyumba hii dhidi ya majirani wote, kumbe kinachoila kimelala kitandani. Kobalti ndiyo ulikuwa unaitaka kiasi hiki? Ufe kwa ajili yake?”

Mama alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Alijipangusa mikono kwenye kitenge, polepole, kidole kwa kidole.

“Batu bote balisema mashini yako inaona mali,” akasema. “Mi sikukuwa natafuta mali. Nilikuwa natafuta kile kitu yako, ile unatafutaka. Weye mwenyewe ulisema unachoka kungojea. Ulisema kama mutu angechungulia, ungemaliza, ungepumzika. Mi nikasema, basi tumuchimbie, akione, amalize.” Akaangalia shimo. “Ukimaliza, haungerudia tena Lubumbashi. Ungebaki.”

Hasira yangu yote ilikosa pa kukaa. Nililia, na nililia vibaya, kama mtoto aliyepotea sokoni kisha akaonekana. Mpangaji alitoka nje akajifanya anatafuta sepeto.

Mama akaniuliza, si kwa dhihaka, kama alivyouliza miezi ile yote: “Nyumba itaanguka? Uko na hakika?”

Sikuwa na data za kutosha. Mwamba ungeweza kushika hadi mwaka mwingine. Profesa asingeniruhusu kuandika sentensi ile.

“Niko na hakika,” nikasema.

Akainuka, akakunja godoro lake, akalibeba kichwani hadi sebuleni. Alikuwa akingoja jibu hilo tu.

Tulilifukia shimo sisi watatu, na wenzake wawili wa mpangaji waliokuja bila kuitwa. Tulibomoa matuta ya lengalenga na kurudisha udongo ulikotoka, ndoo kwa ndoo, tukishindilia kwa magogo. Hakuna madini yaliyopatikana. Profesa anasema hajawahi kuona data nzuri namna hii, uwazi unaozaliwa na kukua mbele ya kifaa, na anataka tuandike makala haraka. Haraka, yeye! Mimi bado sijui pale pa kutaja chanzo cha uwazi nitaandikaje kwamba ni mama.

Kazi ilipokwisha tulikaa mlangoni na bukari yetu. Mama alitazama kisima.

“Sasa umemaliza,” akasema. “Unaenda lini?”

Nilimweleza kwamba udongo uliorudishwa haushikani kama mwamba, kwamba sanduku lingepaswa kuutazama msimu wote wa mvua, na kwamba muoni huja polepole, hivyo lazima mtu akae karibu na kifaa. Nilisema nitaomba kufanyia kazi yangu hapahapa, Kolwezi.

Hakuniuliza kwa nini lazima mtu akae, wakati sanduku linajiendesha lenyewe kwa betri ambayo, miezi ile yote, ni yeye aliyekuwa akiibadilisha. Alinisogezea bakuli la sombe, akaniambia nile.