Mashimo Yasiyomo Ramanini

Masika ya mwaka ule, kwetu Macalder kulinuka udongo uliofukuliwa, na kutwa nzima vilisikika vyuma vikiponda mawe ya dhahabu. Hayo niliyanusa na kuyasikia mwenyewe. Kwamba dada yangu Adhiambo alipofushwa na surua, hilo niliambiwa, kwani lilitokea kabla sijazaliwa. Majirani walisema pia kwamba Mungu huwalipa vipofu masikio makali, hata hawahitaji kufundishwa njia. Huo ni uvumi, tena uvumi wa wavivu.

Nilichokiona ni hiki. Wachimbaji waliacha mashimo wazi kandokando ya njia ya shule, baba akaapa kwamba Adhiambo hatatoka bomani. Ndipo mama alipomshika mkono wakaitembea njia ile asubuhi baada ya asubuhi, Adhiambo akigonga ardhi kwa fimbo na kusikiliza: penye mwamba mlio ulikuwa mkavu, karibu na shimo ulivuma kama mtungi mtupu. Wakirudi, Adhiambo alitandaza udongo mbichi juu ya uteo wa kupepetea nafaka, akalaza kamba ya katani iwe njia, akabonyeza kidole gumba kila palipo na shimo. Akikosea, mama alimsogeza mkono: "La, nyathina, mwanangu, hili liko kulia." Baba alipomjaribu, kidole cha Adhiambo kilifuata kamba huku akiitaja njia yote. "Sasa wewe fumba macho, baba, tuone kama utafika." Baba, ambaye hakuwa na mazoea ya kucheka, alicheka, akamruhusu.

Mashimo hayakumzuia; aliyemzuia ni mwalimu. Adhiambo alianza shule kwa kuchelewa, hivyo tulikuwa darasa moja. Mezani palikuwa na ramani ya nchi iliyofinyangwa, milima imeinuka, ziwa limebonyea, kana kwamba iliumbwa kwa ajili ya vidole vyake. Aliponyoosha mkono, mwalimu alifoka: "Wewe! Ramani ni ya kutazamwa. Utaichafua."

"Basi nitazamie, mwalimu."

Darasa likaangua kicheko. Akachapwa viganja, vile vile alivyosomea dunia. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Hawakusema kwamba asiye nayo huambiwa usiguse.

Miaka mingi imepita. Juzi nilimsindikiza Homa Bay mjini. Kijana mmoja alimpa simu yenye ramani ya wasioona, inayotetemeka kidole kikiwa juu ya barabara, na kutoa mlio kikigusa ziwa. Sikidharau chombo hicho: niliuona uso wa dada yangu, sasa bibi kizee, ukichangamka alipoufuata ufuo wote. Kisha akaomba aonyeshwe Macalder, ambako angali anaishi na kutembea peke yake, na ambako wachimbaji wangali wanafukua na kuondoka.

"Mashimo yako wapi, mwanangu?"

"Hayo hayako kwa ramani, mama. Lakini hoteli zote ziko."

Yaani penye chai pamekumbukwa, penye kifo pamesahauliwa! Nasikia yataongezwa. Sijaona. Nilichokiona ni kidole cha dada yangu kikipita mahali ambapo wiki ile ile nilikuwa nimesimama ukingoni mwa shimo lililo wazi, na simu ikatetemeka vile vile, bila kubadilika.