Jumatano Nilizokuwa Nafua

Shule ya kata niliyosoma, kule juu Marangu, haikuwa na mwalimu wa hesabu tangu nikiwa kidato cha pili. Aliyekuwepo alihamishwa, na mwingine hakuletwa mpaka tukamaliza. Baiolojia na kemia nilizikariri ukurasa kwa ukurasa nikawashinda wasichana wote wa mwaka wangu. Hesabu nilifeli, lakini kwa kuwa tulifeli wote, hakuna aliyeshangaa. Matokeo yangu yalitangazwa kanisani Jumapili, na baba, ambaye ni mzee wa kanisa, alisimama kupokea pongezi kana kwamba mtihani aliufanya yeye.

Baba alibeba mizigo ya wageni mlimani miaka mingi, hadi magoti yalipomshinda akarudi kwenye kihamba chetu, kwenye migomba na kahawa yake. Siku niliyoondoka kwenda Moshi mjini kuanza stashahada ya famasi, alinisindikiza mpaka barabarani akanipa wosia mmoja tu. "Usimwonyeshe mtu kwamba hujui," aliniambia. "Wakishajua hujui, watakukalia." Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Katika yote niliyofundishwa mwaka ule, wosia huo ndio nilioushika barabara.

Wiki ya kwanza tulianza hesabu za dawa. Mkufunzi alikuwa mama wa Kihindi, mzaliwa wa pale pale mjini, aliyekuwa akiwasalimia wafagizi kwa Kichagga na kutufundisha kwa Kiswahili chepesi pale Kiingereza cha vitabu kilipotushinda. Aliandika ubaoni uzito wa mtoto mgonjwa, nguvu ya dawa iliyomo kwenye chupa, kisha akauliza mtoto apewe mililita ngapi. Darasa zima liliinama likaandika. Nami niliinama. Sikujua hata pa kuanzia, kwa sababu sikujua kugawanya namba yenye nukta.

Kabla hajatoka alituambia kwamba kila Jumatano baada ya chakula cha mchana atakuwa kwenye chumba kidogo kando ya maabara, kwa ajili ya yeyote anayesumbuliwa na hesabu.

"Njooni sasa, mkiwa na maswali madogo," alisema. "Mwisho wa muhula maswali yanakuwa makubwa, na mimi nitakuwa yule yule mmoja."

Hosteli nilikaa chumba kimoja na mwanamke wa Sanya Juu aliyenizidi miaka kumi na mitatu. Alikuwa mhudumu wa zahanati, akaacha watoto wawili kwa mama yake ili arudi shule. Nilimwita dada. Jumatano ya kwanza kabisa alichukua daftari lake, akaniambia, "Mdogo wangu, twende." Nikamjibu kwamba nina nguo za kufua. Akaenda peke yake. Kwa wiki kadhaa walikuwa watatu tu kwenye kile chumba, na wenzetu wakaliita darasa la ngumbaru, kama yale ya watu wazima wanaojifunza kusoma. Waliposema hivyo mezani, nami nilicheka. Dada alikuwepo, alinisikia, akaendelea kula.

Kila Jumatano nilifua. Nilifua hata nguo safi. Nikianika kwenye kamba za nyuma ya hosteli niliweza kuliona dirisha la kile chumba, na mara nyingine nilimwona mama yule amesimama ubaoni na dada ameegemeza shavu mkononi, anamsikiliza.

Jaribio la kwanza nilipata tisa kati ya arobaini. Karatasi niliikunja nikaisukuma chini ya godoro. Dada hakuniuliza nimepata ngapi. Aliniambia tu kwamba yeye naye alikuwa hajui kugawanya nukta, na kwamba ilimchukua Jumatano mbili. Ningeweza kumwambia palepale. Nilikasirika, nikajibu kwamba mimi shida yangu haikuwa hiyo, bali nilikuwa na malaria siku ya mtihani. Nilipokwenda nyumbani mwisho wa wiki, baba aliuliza masomo yanakwendaje, nikasema yanakwenda vizuri, naye akatoka kwenda kumwambia jirani.

Nilikwenda kwenye kile chumba mara moja, zikiwa zimebaki siku tano tufanye mtihani wa mwisho. Foleni ilikuwa imejaa ukumbini hadi kwenye ngazi, na waliosimama ni wale wale tuliokuwa tunacheka nao. Zamu yangu ilipofika, mkufunzi alinipa swali la kugawanya, jepesi, la kuonjea. Nikaitazama ile karatasi. Aliona. Akaweka kalamu chini.

"Ulikuwa wapi siku zote hizi?" aliniuliza.

Hakunigombeza. Alichukua karatasi nyingine akanionyesha namna ya kuisogeza nukta pande zote mbili ili namba iwe nzima, kisha kugawanya kama kawaida. Nikajaribu, nikapata. Nikajaribu nyingine, nikapata. Jambo nililolionea aibu tangu kidato cha pili halikuchukua hata robo saa. Nililia mbele yake, na wala si kwa furaha. Akanipa kitambaa cha kufutia ubao kwa sababu hakuwa na kingine, akasema kilichobaki ni mada sita zinazosimama juu ya hiyo, na kwamba kuna watu kumi na tisa mlangoni.

Nilifeli. Chuo kilinipa nafasi ya kurudia mtihani baada ya likizo, sapu kama tunavyoiita. Hapo nilikuwa bado na nafasi ya kuokoka, kama ningesema. Lakini nyumbani hawakujua kwamba nina sapu, kwa hiyo sikuweza kukaa mchana kutwa na daftari bila kuulizwa. Nilichuma kahawa, nilikata majani ya ng'ombe, nilikwenda mazoezi ya kwaya. Nilirudi chuoni nikiwa nimesoma mada mbili. Zilizobaki zikaniangusha, nikadisko, maana yake nikaondolewa chuoni.

Dada ndiye aliyenisaidia kufunga sanduku. Hakusema neno la kunisuta, na hilo nalo nililichukia.

Baba nilimkuta shambani akipunguza matawi ya kahawa. Nilimwamkia shikamoo, nikamweleza yote nikiwa nimesimama, pamoja na kile chumba na Jumatano zake. Aliuliza hizo Jumatano nilikuwa nafanya nini. Nikamwambia nilikuwa nafua.

Alikata tawi jingine, kisha akasema, "Kule mlimani, anayeficha kichwa kinachomuuma siku ya kwanza ndiye tunayemshusha kwa machela siku ya tatu. Hilo hata mpagazi mgeni analijua."

"Ulilijua, baba," nikasema, "na bado ukanifundisha kuficha."

Sijawahi kumjibu baba hivyo, kabla wala baadaye. Alirudi kwenye matawi yake. Hakunisemesha mpaka mavuno yalipokwisha, na mama akawa anapeleka maneno kati yetu kama mtu anayepitisha sahani.

Baada ya miaka miwili niliomba chuo kingine, cha ngazi ya cheti, upande wa Hai. Siku ya pili tu nilimfuata mkufunzi wa hesabu ofisini nikamwambia yale nisiyoyajua, moja baada ya jingine. Alinitazama akasema bado hata hajaanza kufundisha. Nikamwambia najua, ndiyo maana nimekuja. Nilimaliza bila sapu hata moja, katikati ya watoto walioniita anti. Sasa nauza dawa kwenye duka la mtu pale Kwa Sadala. Kazi ile niliyoitaka mwanzo, ya hospitali, inataka cheti kikubwa kuliko changu.

Baba amezeeka, na tunasalimiana vizuri. Majirani wakimuuliza kwa nini niliacha kile chuo cha mjini, huwaambia nilishikwa na homa ya matumbo, ikabidi nirudishwe nyumbani. Jumapili iliyopita aliwaambia tena, nje ya kanisa, nami nimesimama kando yake. Mama mmoja akanigeukia akasema pole sana, homa hiyo ni mbaya. Nikamjibu, "Asante mama, nimeshapoa."