Kifua cha Kuazima

Kiprugut, nyapara wa genge la reli pale Gilgil, alivimba miguu mpaka viatu vikamkataa, na watu wakamsifu eti amenona! Mkewe Jepchumba ndiye aliyejua kwamba bwana huyu hulala ameketi, akihema kama aliyekimbizwa na nyati. Alimsihi aende hospitali. Wapi! Mbishi yule, we acha tu. Aliogopa daktari akiiona ile miguu atamtoa kazini, na kazi ikienda, nyumba ya reli nayo imekwenda.

Basi ilipofika siku ya wafanyakazi kupimwa Nakuru, alimpa mdogo wake Kemboi cheti chake cha kazi. Walifanana sana, na Kemboi alikuwa mtu wa mbio, hajawahi kulazwa hata na homa.

"Nenda ukanipimie," Kiprugut akacheka. "Kifua chako hakina neno."

Kemboi alirudi na gari moshi la jioni.

"Kaka, daktari amesema moyo umepanuka."

"Moyo wa nani?"

"Wangu! Damu inasukumwa kwa nguvu kupita kiasi, na moyo umeanza kuchoka. Nikamwambia siumwi popote. Akasema ndiyo maana wanapima, ugonjwa huu huingia kimya. Ukigunduliwa mapema mtu hupewa dawa, hupunguza chumvi, akaishi. Kisha akauliza kama nina ndugu anayevimba miguu na kukosa pumzi akilala."

Kiprugut aliacha kutafuna, kipande cha nyama iliyojaa chumvi mkononi. Kemboi? Huyu aliyemtuma kwa sababu ni mzima? Haki ya Mungu, hajawahi kuogopa hivyo maishani.

"Ukamjibu nini?" Jepchumba aliuliza.

"Nilinyamaza. Nilimwogopea kaka, asipoteze kazi yake."

Jepchumba akamnyang'anya mumewe ile nyama, akaangua kilio.

Asubuhi ndugu wawili walishuka Nakuru, mkubwa miguu mitupu. Karani wa hospitali alitazama daftari lake.

"Kiprugut alipimwa jana. Dawa zake hizi hapa."

"Hizo ni za mdogo wangu," alisema, ameshikilia mlango apate pumzi. "Mwandikeni kwa jina lake, atibiwe. Anaitwa Kemboi. Kiprugut ni mimi, na mimi sijapimwa."