Gari Nililolituma Ikoni

Nakumbuka Alhamisi moja mjini Moroni, mwanangu, na siwezi kuikumbuka bila kumwona mama yangu akipanda njia ya Patsy, kijiji chetu cha mlimani juu ya Mutsamudu, kwenye kisiwa kingine, ndoo ya maji kichwani. Ilikuwa miaka ile mamluki wa kizungu walipokuwa ndio wenye amri. Mimi nilikuwa kijana kutoka Mutsamudu, karani wa waziri, suruali imenyooshwa pasi, kichwa kimejaa hewa.

Siku hiyo Bunge lilikuwa lipitishe mswada wa kupeleka mabomba ya maji Patsy. Akidi ilipungua mtu mmoja tu, mbunge wa Ikoni. Waziri wangu, mhandisi aliyerudi kutoka Ufaransa na ambaye hakuwahi kugombea kiti chochote, aliniambia, "Mlete." Nami kwa kiherehere changu nikaomba gari la mamluki, nikalituma Ikoni. Wallahi, nilijiona mjanja.

Mzee yule alikuwa kwenye uwanja wa mji wao, amevaa joho na shali, katika ndoa kubwa ya mpwa wake, sherehe ya mila inayompa mwanamume heshima ya mzee wa mji. Kule Ngazidja, kisiwa chenye Moroni na Ikoni, mtu huhangaika nusu ya umri wake kupata haki ya kukaa uwanjani pale na wazee. Gari likasimama mbele ya wenzake wote. Siku zile gari lile likimchukua mtu, jamaa zake huanza kumsomea Yasini kama maiti. Aliletwa, ndiyo. Akashuka mlangoni pa Bunge, akanitazama, kisha akageuka na kurudi Ikoni kwa miguu. Wabunge wengine nao wakakusanya makaratasi yao.

Alasiri Mjomba, kaka yake mama, alinikuta nimejiinamia. Yeye alikuwa amekaa katika Bunge hilo miaka mingi.

"Mzee yule alikwisha kuniahidi kura yake," alisema. "Angekuja baada ya dua."

"Tulikuwa na haraka, Mjomba."

"Mna haraka kwa sababu hamjawahi kukaa Bungeni. Mbunge anaweza kukubali leo alilolikataa jana, lakini lazima arudi kwao akiwa bado mtu. Ninyi mmemvua nguo mbele ya wakwe."

Alipanda teksi kwenda Ikoni mara tatu kuomba radhi kwa niaba yangu. Mara ya tatu akapokelewa, ila kikao kilikuwa kimefungwa, na mswada ule haukurudi tena. Mabomba yalifika Patsy baadaye sana. Mama tulikwisha kumzika, na maji ya kumwoshea tuliyachota mtoni.

Sasa nawasikia mkibishana nani awe rais, kasoma wapi, ana nguvu kiasi gani. Mimi nauliza: aliwahi kukaa na wabunge, akanyimwa kura, akasubiri zamu yake ya kusema? Sisemi aliyepitia huko hakosei, maana nimewaona waliopitia wakasahau. Lakini anayekijua kiti kile anajua nani afuatwe nyumbani kwake, na lini aachwe amalize sherehe yake.

Nawe ukipewa cheo, mwanangu, usimwite mtu kwa kumtisha. Nenda mwenyewe, piga hodi, kaa usubiri.

Mungu akujaalie milango ifunguke ukibisha, na mama yako anywe maji ya bomba miaka mingi. Mimi hadi leo natamani kumkingia mama yangu glasi moja.