Kuku wa Tata

Gredi ya tano yote walinijua kwa sauti. Ukisikia kiti kimeanguka, ni mimi. Ukisikia mtu anacheka na mwalimu hajamaliza kuandika tarehe ubaoni, ni mimi tena. Insha zangu zilikuwa na kichwa, mstari mmoja na nusu, basi. Mwalimu wetu wa Kiswahili, mama mpole kabisa, akachoka. Akaniweka dawati la peke yangu, nikitazama ukuta.

"Utarudi kwa rafiki yako siku utakayoandika ukurasa mzima bila kuinuka," akasema.

Rafiki nilikuwa naye mmoja tu. Nililia kweli kweli.

Mama alifanya kazi kiwandani, kwa hiyo alinisuka matuta ya shule Jumapili, tukitoka kanisani. Nilikaa sakafuni, kichwa changu katikati ya magoti yake. Nikisonga kidogo, anabana. Siku hiyo nikamwambia habari ya ukuta. Alimaliza tuta alilokuwa akisuka, halafu akanirushia daftari na kalamu.

"Haya, andika. Hutoki hapa mpaka nimalize."

"Mama, nitaandika aje na unanivuta nywele?"

"Andika na uchungu wako."

Nikaandika juu ya tata, dada yake mama, aliyekuja kututembelea kutoka Ruiru na kuku mzima mkononi. Kuku akamponyoka getini, tata akamkimbiza mtaa wetu wa Ngoingwa wote na viatu vyake vya kanisa. Haiya! Tuta la mwisho likiisha, ukurasa umejaa, na kuku bado yuko mbio. Mama alisoma akacheka mpaka akafuta machozi. Nilijisikia mkubwa ajabu.

Jumatatu mwalimu akauliza, "Nani alikuandikia?"

Hasira ilinishika, nikasema ni mimi. Akaniambia niandike nyingine, hapo hapo mbele yake. Nikakaa. Kalamu ikaanguka. Lori likapita nje, nikaligeukia. Wenzangu wakaanza kucheka, nami nikajua ukuta ndio huo mpaka tufunge mwaka.

"Mwalimu, naomba nikae chini."

"Chini wapi?"

"Hapo, katikati ya kabati na meza yako."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu alinitazama sana, kisha akasogeza kiti chake. Nikajibana pale, mabega yameshikwa huku na huku, daftari mapajani. Kila nikitaka kuinuka, kabati linanikatalia. Nikaanzia pale kuku alipokuwa amefika.

Kengele ya mapumziko ikalia. Wa kwanza mlangoni huwa ni mimi, muulize yeyote. Wakatoka wote. Mwalimu akainama, akasoma juu ya kichwa changu, na alipofika pale tata anapoingia mtaroni, nikamsikia akicheka.

"Ni wewe kweli," akasema. "Chukua mkoba wako, rudi kwa rafiki yako."

"Ngoja kidogo, Mwalimu," nikamwambia. "Kuku bado sijamkamata."