Bima ya Lori na Ghala la Machela

Siku ile bado naikumbuka, mwanangu, na ningependa uisikie kutoka kinywani mwangu kabla Bwana hajaniita, maana waliokuwapo tumebaki wachache, na wengine hawapendi kuisimulia. Tulikuwa tumeketi kwenye nyasi nyuma ya kanisa letu, kule juu Bombo, baada ya ibada. Ukungu ulikuwa umeinuka, na chini kabisa tuliiona tambarare ya Maore imelala kwenye jua. Tulikutana, watu wa mteremko wetu na wenzetu wa mteremko wa chini, kuzungumza habari za lori.

Wakati huo Waingereza ndio waliotawala, na kahawa yetu ilikuwa imeanza kupata bei. Wenye mibuni wa mteremko wetu na wa mteremko wa chini yetu walichanga wakanunua lori kuukuu huko Same. Wewe umezaliwa umeyakuta magari, huwezi kuijua furaha ya watu ambao tangu babu zao walibeba kila kitu kwa kichwa na mgongo. Lori lilipopanda mara ya kwanza, wanawake walilipigia vigelegele kama bibi harusi. Mimi nilikuwa kijana, sijatimiza hata mwaka tangu nioe, na mke wangu Nakundwa alikuwa na mimba yetu ya kwanza.

Nikueleze kwanza tulivyokuwa tukiishi kabla ya lori. Mtu akizidiwa na ugonjwa, alilazwa kwenye machela, yaani blanketi nene lililofungwa kwenye miti miwili, akateremshwa hadi hospitali ya misheni iliyokuwa tambarare. Baba mkwe wangu, Mzee Sefania, ndiye aliyekuwa mshika pembe. Akiipiga, kila nyumba ilitoa mwanaume mmoja, kama ilivyo katika msaragambo, ile kazi yetu ya pamoja ya kuchimba mifereji na kutengeneza njia. Asiyetokea alitozwa mbuzi. Sisi tulibeba mpaka kwenye kijito kilichotupakanisha na wenzetu wa chini. Wao walikuwa wamekwisha kuisikia pembe na kuiitikia kwa pembe yao, kwa hiyo tuliwakuta wamesimama ng'ambo ya maji, mabega yao hayajachoka. Machela ilipita juu ya kijito kutoka bega hadi bega, na mgonjwa hakuwekwa chini.

Tena kila mavuno, kila nyumba ilimimina debe moja la mahindi katika ghala dogo tuliloliita ghala la machela. Mahindi hayo yaliwalisha wabebaji, yalimlisha mgonjwa asiye na ndugu, na yakiuzwa, yalilipia dawa za mjane. Haba na haba hujaza kibaba. Sikumbuki kumsikia mtu akiuliza kama mwaka huo ataugua yeye au jirani yake. Ulimimina, ukaenda zako.

Basi siku ile nyuma ya kanisa alisimama Elieza, dereva wetu, kijana wa hapohapo kwetu aliyejifunzia udereva jeshini.

"Wazee wangu," alisema, "serikali haitaki lori liende barabarani bila bima. Askari wa Same wamenionya mara mbili."

"Bima ndiye mnyama gani?" aliuliza mzee mmoja mfuga mbuzi.

"Ni fedha unayoipa kampuni kila mwaka. Lori likimgonga mtu, kampuni inamlipa yeye, au watoto wake."

"Na tusipogonga mtu, fedha yetu inarudi?"

"Hairudi, mzee."

"Lo! Kwani sisi tumenunua lori ili tugonge watu?" Watu wakacheka. Mzee akaona ameshika penyewe, akaongeza: "Mimi nimefuga mbuzi tangu utoto wangu. Sijapata kumlipia hata mmoja kabla hajaingia shamba la mtu."

Kicheko kilipotulia alisimama mzee wa kanisa, mtu mwema sana, aliyenifundisha mimi katekisimu. Alisema, kwa upole wake, kwamba kuilipia ajali kabla haijaja ni kuiandalia kiti nyumbani. "Tumwamini Mungu," alisema. "Na wahenga walisema ajali haina kinga. Sasa tunanunua kinga ya nini?"

Hapo Mzee Sefania akainuka. Hakuwa msemaji. "Ajali haina kinga, ni kweli," alisema, "lakini ina wajane na ina mayatima. Mungu ametupa akili ya kujenga ghala kabla ya njaa. Je, tulipolijenga tulikuwa tunamwandalia njaa kiti?"

Wachache waliguna. Lakini Elieza alikuwa na neno jingine, nalo ndilo lililotumaliza: matairi ya lori yamekwisha, na fedha haitoshi matairi na bima pamoja. Mtu akasema mahindi ya ghala la machela yapo, yamekaa tu, panya wanakula. Mwingine akasema mwenye lori anataka machela ya nini tena. Maneno yakashuka kama maji mferejini, kila mmoja akiyasukuma mbele. Tukakubaliana hivi: mahindi yauzwe, matairi yanunuliwe, bima ingoje msimu ujao wa kahawa. Na wito wa pembe ukome, kwani lori ndilo machela yetu sasa.

"Na lori likiwa Same," aliuliza Mzee Sefania, "mwanamke akashikwa na uchungu hapa, litaisikia pembe?"

"Lina honi yake, mzee!" kijana mmoja alipiga kelele. "Wewe ndiye utakayeisikia!"

Tulicheka, mwanangu. Mzee alitutazama mmoja mmoja. "Usiache mbachao kwa msala upitao," alisema, akaketi. Mikono ikainuliwa, yote isipokuwa wake.

Nyumbani Nakundwa aliniuliza, "Baba amesemaje?"

"Amepinga."

"Basi mngemsikiliza. Baba yangu akisema maneno zaidi ya matatu, ujue kuna jambo." Kisha akacheka, akajishika tumbo. "Lakini mimi sijali. Nitapanda lori, niteremke Maore kama mke wa chifu."

Siku zilipita. Ghala likafagiliwa, matairi meusi mapya yakapanda mlima, nasi tukayasifu. Siku zake Nakundwa zilipokaribia, lori lilikwenda Same na magunia ya kahawa, nalo lilitazamiwa kurudi jioni. Halikurudi. Asubuhi, mkulima aliyekuwa amelala Same akapanda na habari: askari wamelizuia bomani. Halitatoka mpaka cheti cha bima kionekane.

Asubuhi hiyohiyo Nakundwa alishikwa na uchungu. Mama aliyekuwa akizalisha wanawake wetu alimpima, akatoka nje, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mtoto amekaa vibaya, baba. Mimi mikono yangu imefika mwisho. Mpelekeni hospitali sasa hivi."

Nilikimbia kwa baba mkwe wangu. Hata shikamoo sikumaliza. Aliniangalia usoni, akaitungua pembe ukutani, akatoka kwenye ukingo wa mlima, akapiga.

Mwanangu, pembe ile ililia. Ililia mpaka mishipa ya shingo ya mzee yule ikasimama. Mashamba yalikuwa na watu, niliwaona kwa macho yangu wakiinua vichwa, wakasikiliza, kisha wakainama tena kwenye majembe yao. Baadaye walisema, na ninaamini walisema kweli, kwamba walidhani mzee bado ana hasira ya mkutano, anapiga ili kutusuta.

Walikuja watu sita. Mmoja wao ni yule mzee wa kanisa, naye hakuwa tena na umri wa kubeba. Alifika anatweta, akasema, "Nipeni mti wa mbele." Tukamlaza Nakundwa kwenye machela, tukaanza kuteremka. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini ule haukuwa wa mwenzangu. Ulikuwa wangu, na kila nilipoteleza nilimsikia akiguna.

Hata hivyo alijaribu kututania, kama ilivyokuwa desturi yake. "Nyie," alisema, "ningekuwa gunia la kahawa ningekuwa nimefika zamani." Hakuna aliyecheka. Mzee Sefania alikuwa akitembea kando yake, mkono wake mmoja juu ya machela, mwingine bado umeshika pembe.

Tulipokaribia kijito alipiga tena, kuwaita wa mteremko wa chini. Hapakuwa na jibu. Nao walikuwa wameinua mikono kwa ajili ya lori, na kwao pembe ilikuwa imekwisha. Tulifika majini, ng'ambo hapakuwa na mtu. Wale sita mabega yao yalikuwa yamechubuka, na damu ilikuwa inapenya shati la mzee wa kanisa.

Tukamweka chini. Ndiyo mara ya kwanza niliyoona machela ikiwekwa chini pale.

"Mbona tumesimama?" Nakundwa aliuliza.

"Tunapumzika kidogo, mwanangu," baba yake alimjibu.

"Wa ng'ambo wamekuja?"

Mzee alitazama ng'ambo. "Wanakuja," alisema. Sijamsikia akisema uongo mwingine maishani mwake.

Tuliinua tena, tukavuka wenyewe. Mbele kidogo, mahali njia inapotoka msituni na tambarare yote inaonekana na paa za hospitali zinang'aa kwa mbali, Nakundwa aliniita jina langu, "Eliamani," kisha hakusema tena. Alikwenda, na mtoto akiwa tumboni. Tulizitazama paa zile. Ungesema ni karibu.

Tulimzika kesho yake. Elieza alikuwa amepanda kwa miguu kutoka Same, amejaa vumbi, akasimama nyuma ya watu kama mtu aliyekosa ruhusa ya kulia. Mimi moyo wangu ulikuwa umewaka. Nilimlaani yule askari, nikalilaani boma na Mwingereza wake na sheria yake, na wengi waliitikia, maana ni raha kumpata wa kumlaumu aliye mbali.

Mzee Sefania alinishika mkono, akanitenga na watu. "Mkwe wangu," alisema, "mwache askari. Lori lisilo na bima lingeweza kumuua mtoto wa mtu huko njiani, na mama yake asipate hata wa kumfuta machozi. Askari alikuwa akimlinda mtoto asiyemjua. Sisi, yule tuliyemjua tulimlinda kwa kitu gani? Tulikuwa na mabega, tukayafuta kazi. Tulikuwa na ghala, tukaligeuza matairi."

 

Labda unangoja niseme kwamba baada ya hapo tulijirudi. Tulijirudi nusu. Bima ililipwa, kila mtu akatoa sehemu yake bila kunung'unika, na Elieza akawa anakibeba cheti kama Biblia. Lakini bima, mwanangu, humlipa aliyegongwa na lori. Haimlipi aliyekufa akilisubiri. Nilipozunguka nyumba kwa nyumba kuomba tulijaze tena ghala la machela, watu walinikaribisha, wakanipa makande, wakasema tutaona mavuno yajayo. Mavuno yalikuja, yakapita. Msimu mwingine lori lilikuwa Same kihalali kabisa, na mtu mwingine akafia kijitoni. Baba mkwe wangu naye alikufa, pembe ikabaki ukutani, na hakuna nyumba iliyoiomba. Majuto ni mjukuu, huja baadaye, lakini nimeona kwamba mjukuu huyo naye huzeeka, akasahaulika.

Bwana alinipa mke mwingine baada ya miaka, na watoto, nami humshukuru kila alfajiri. Humshukuru pia kwa wale sita. Lakini nisikudanganye kwamba shukrani huondoa uchungu. Huketi pamoja, kama wazee wawili wasiosemezana kwenye benchi moja, nami nimejifunza kuvumilia ukimya wao.

Kwa hiyo nisikilize. Ukiwa na gari, likatie bima kabla magurudumu hayajagusa barabara, wala usimsingizie Mungu ubahili wako kwa kuuita imani. Bima ni debe lako la mahindi kwa ajili ya mtu usiyemjua. Lakini usidhani ukishalipa umemaliza. Sheria itakulazimisha umjali mgeni. Hakuna sheria itakayokulazimisha umsikie jirani. Mahali unapoishi, uliza kilichowekwa kwa ajili ya mtu atakayezidiwa kesho, na kama hakuna, anza wewe, hata kwa debe moja, hata wakikucheka. Kipya kikija kipokee, ila usivunje cha zamani mpaka kipya kimebeba mgonjwa na kufika. Na ukisikia mtu anaita, usikae ukipima kama ana hasira au ana shida. Acha jembe. Nenda. Afadhali uende bure mara mia.

Sijui kama mtanisikia. Wakati wetu tuliambiwa na mtu mwema kuliko mimi, na hatukusikia. Lakini niliyopewa kusema nimesema.

Mungu wa baba zetu akupe masikio mapema kuliko alivyonipa mimi. Akupe majirani watakaoinuka uitapo, na akupe wewe bega lisilochoka waitapo wao. Wapendwa wako wateremke mlima na kupanda tena wakiwa hai. Na siku yako itakapofika, akutume mtu wa kukungoja ng'ambo ya maji. Amina.